Duara kwenye Ramani

Nyumba yetu ina magurudumu sita na mlango unaogoma.
Baba aliinunua wiki aliyostaafu mgodini,
akaiita Kobe, kwa sababu mbili:
inabeba paa lake,
na ikiuona mlima huingiza shingo ndani.

Sasa usukani ni wangu.
Mama kakaa kando, mkebe wa biskuti mapajani.
Ndani hamna biskuti.
Nyuma, kaka yangu Delwin analizuia kabati la vyombo kwa mgongo
kila tukikata kona,
na mwanangu Kesler, miaka tisa,
anatusomea ramani kwa sauti ya rubani.

Ramani ni ya Baba.
Imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo ikawa matundu;
mji mzima wa Utah umetumbukia katika tundu moja.
Lakini kusini, mahali pasipo jina,
pana duara. La kahawia. Limetimia.
"Alipapenda hapa," akasema Delwin.
"Ndipo," nikasema.
Mama hakusema kitu. Alikuwa akitafuta miwani.

Kituo cha mwisho cha mafuta ni cha Lorinda,
Mnavajo, koti la kiume, kalamu sikioni.
Alitazama matairi kwanza, kisha sisi.
"Njia ile asubuhi ni jiwe, adhuhuri ni uji.
Piteni kabla jua halijaamka vizuri."
Kesler akauliza kuna nini huko.
"Ng'ombe wa shangazi yangu," akasema, akihesabu chenji.
"Wawili. Mmoja ana hasira."

Novemba ilikuwa imebakiza siku nne.
Usiku mabomba yaliganda,
tukalala wanne sambamba, kofia vichwani,
pumzi zetu zikapanda, zikashika dari,
na alfajiri zikatudondokea, tone, tone.
Sikujua ni pumzi ya nani iliyonilowesha.

Kisha makorongo.
Kuta zenye rangi ya chungu ambacho hakijaonja moshi,
tabaka juu ya tabaka,
na chini, kando ya mto uliokauka,
miti yenye majani machache ya manjano,
kama mtu aliyelipa madeni yote
akabaki na sarafu.
Kuta zikasogeleana. Delwin akashuka,
akawa anarudi kinyumenyume mbele yetu, mikono juu,
akiliita gari
kama anavyoitwa mtoto aliyeanza kusimama dede.
Kioo cha kushoto kilibaki huko. Mwamba ulikitaka.

"Tumefika," akasema rubani.

Uwanja wa kokoto. Kinyesi kikavu.
Ng'ombe mmoja, akitutazama kama wadeni.
Hapakuwa na chemchemi, wala mchoro jabalini,
wala mandhari ya kumfanya mtu avue kofia.
Delwin alikagua miamba, akitafuta herufi.
Mimi nilitafuta sababu.
Tulizunguka nusu saa, kila mtu na upande wake,
tukikwepana macho.

Mama alikuwa amepata miwani.
Akaitandaza ramani juu ya boneti,
akachukua kikombe cha Baba, kile cha bati,
akakiweka juu ya duara.
Kikakaa sawasawa.

"Kahawa," akasema.
"Miaka arobaini na mmoja, hakuwahi kutumia kisahani.
Meza zangu zote zina mahali kama hapa."

Delwin ndiye aliyeanza kucheka.
Tukacheka hata Kesler akashika mbavu,
na korongo likacheka baada yetu,
limechelewa kidogo, kwa sauti nzito kidogo.
Tukanyamaza kusikiliza.
Halikurudia.

"Basi tumwage hapa?" nikauliza.
Mama akaukumbatia mkebe.
Akamtazama ng'ombe, akatazama kuta, akatazama vidole vyake.
"Chemsheni maji kwanza."

Tukanywa tumesimama, vikombe juu ya ramani.
Kesler akachukua penseli, akaandika pembeni ya duara la zamani:
Ng'ombe mmoja. Wa pili hatukumwona.
Jua likapanda ukuta, likatufikia.
Njia ikaanza kuwa uji.
Hakuna aliyeondoa kikombe chake.