Kitanda cha Saba

Waliletwa usiku mmoja, machela kwa machela,
Zaur na Valiko, wameteleza kwenye barafu ileile
mbele ya duka la mkate, mtaa wa juu wa Kutaisi.
Umri wao wapishana miezi minne.
Mfupa ni uleule, wa nyonga, upande wa kushoto.
Daktari Ketino akacheka: "Mliahidiana?"

Nikawalaza, cha sita na cha saba,
dirisha lao moja, latazama mto Rioni
ukipita na vipande vya theluji kama sabuni iliyokatika.
Walikula mkate mmoja, wakagombania mpira.
Hata misumari ya chuma waliyotiwa mwilini
ilitoka boksi moja, na boksi nililifungua mimi.

Siku ya nne Zaur alisimama.
Siku ya tisa akanibusu mkono, akavaa kofia,
akaenda zake akilalamikia bei ya fimbo.
Siku hiyohiyo ya tisa
Valiko aliniuliza kwa nini shuka lake limelowa.

Nilifunua bandeji.
Harufu ilinijibu kabla ya macho.

Homa hubisha hodi. Mfupa ukivunjika hupiga yowe.
Sukari ni mpangaji mpole:
huingia na mkoba mmoja, hasalimii kwa sauti,
miaka kumi na minne humsikii akikohoa,
na siku ukuta unapopata ufa
ndipo unapoletewa hati, ukasoma
kwamba mwenye nyumba ni yeye.

Nirudi usiku ule wa kwanza. Sipendi, lakini nirudi.
Fomu ina mstari: *Maradhi mengine.*
Valiko, meno yakimgongana kwa baridi, alisema,
"Presha. Kidogo tu."
Mkewe Nazibrola alikuwa bado ndani ya basi,
na peni ya insulini ndani ya pochi yake,
imefungwa kwa soksi isigande.
Nikaandika: presha. Kidogo.
Chini yake nikaacha peupe.

Alilala njaa akingoja kisu.
Kisu kikaahirishwa, kikaahirishwa tena,
nikamwonea huruma, nikamtundikia dripu,
maji matamu, tone, tone,
nikamfunika miguu, nikajiona nesi mwema.
Alfajiri kidole chake kilitoa tone lake,
na kimashine kikasoma mia tatu themanini na tisa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji.
Wahenga, niwieni radhi: muulizeni.
Muulizeni uji wa nini, vijiko vingapi, saa ngapi,
alichoma sindano lini, nani anayemsomea namba,
na vidole vya miguu, je, bado vinahisi shuka?

Kidonda kilioshwa mara mbili chini ya taa kubwa.
Dawa iliyoua wadudu ikazichosha figo.
Figo zikamvimbisha uso, uso ukamtisha mjukuu.
Kila mlango tuliofunga ulifungua wa jirani.
Ketino hakuuliza tena kama waliahidiana.
Siku ya ishirini na sita alinichukua kando ya ngazi,
akasema, "Hata tungejua, pengine,"
akaishia hapo, akawasha sigara,
nami nikalibeba lile *pengine* hadi nyumbani,
nikalilaza kitandani kwangu, likanisukuma ukutani.

Yuko hai. Naandika hivyo kwa sababu wengi huuliza.
Siku ya thelathini na nne alitoka kwa kiti cha magurudumu.
Machi alirudi kwa mlango uleule.
Siku hizi nauliza sukari kabla ya jina.
Watu hunitazama kama mtu asiye na adabu.

Jumapili moja Zaur alikuja kumwona, bila fimbo,
ameshika churchkhela, uzi wa jozi
zilizochovywa katika maji mazito ya zabibu,
zawadi ya kijijini, ya mkono wa dada yake.
Alifika mguuni mwa kitanda cha saba, akakumbuka.
Akaitia mfukoni mwa koti.
Walizungumza juu ya mpira hadi taa zikawashwa,
mfuko umetuna kama titi la mbuzi,
na hapana aliyeutazama.