Msoma Mita

Nilitoka Singida na begi moja na sweta la kuazima,
nikaajiriwa Mbeya kusoma mita za maji.
Kazi ya kuinama: unafunua kifuniko, unafuta tope kwa kidole,
unaandika tarakimu, unasogea.
Miezi mitatu niliujua mji kwa miguu yake tu:
vizingiti vya Sisimba, mifereji ya Ilomba,
ndala zilizoanikwa juani Mabatini.

Siku ya mvua ya mawe ndipo shingo yangu ilipofunguka.
Nilijibanza chini ya upenu, kando ya barabara, Mwanjelwa,
nikainua uso nikihofia bati lisinidondokee,
na ukutani palikuwa na bibi,
mrefu kutoka mtaroni hadi paani,
anamenya viazi.
Ganda lake halikatiki.
Linashuka, linapita chini ya dirisha, linazunguka kona;
nikalifuata na mvua yangu kichwani
hadi kwenye choo cha kulipia, ambako limegeuka maandishi
ya rangi ya bluu, herufi za kuyumba:
UMEKULA?

Hakuna jina. Pembeni birika dogo tu, linafuka moshi.

Tangu hapo nasoma vitu viwili.
Mita: 0417. Ukuta: punda aliyevaa koti la suti.
Mita: 1182, inavuja. Ukuta: USIKOJOE HAPA FAINI ELFU HAMSINI,
na chini yake mtu kajibu kwa mkaa: SINA CHENJI.
Mtaa wa Ghana, nyuma ya duka la mbolea,
mawingu ya Loleza yamepanga foleni,
kila moja na dumu lake la njano.
Nilicheka peke yangu. Mbwa wa watu akanibwekea.

"Nani anachora?" nilimuuliza Tusekile, muuza ndizi za kuchoma.
"Mhuni," akasema, akigeuza ndizi.
Akanyamaza.
"Lakini yule bibi ni mama yangu. Lile kovu la kidevuni,
mhuni amelijuaje?"

Kisha wakaja watu wa barabara na kopo la rangi nyekundu.
X. X. X. Kila nyumba iliyosogea mbele mno,
X kwenye saluni, X kwenye kanisa la mabati,
nusura wampige X mzee Nsajigwa
aliyegoma kuondoka mlangoni.

Usiku wa tatu birika likapita.
Asubuhi kila X ilikuwa imepata kazi:
hii mkasi wa fundi cherehani,
ile mikanda ya suruali ya babu fulani mwenye kitambi,
nyingine kitenge kilichofungwa kifuani,
na kisigino cha mtoto kinachungulia ubavuni.
Ile ya kanisani haikuguswa.
Niliiwaza wiki nzima.

Juni, na baridi yake ya kuuma masikio,
nikapewa orodha ya kukata.
Namba kumi na tisa: Soweto, nyumba ya uani, deni la miezi saba.
Nikainama, spana mkononi.
Karibu na mita, ndoo. Ndani ya ndoo, brashi sita zimelowekwa,
maji yamekuwa bluu ile ile.
Mlango ulikuwa wazi nusu. Humo ndani kitu kilichemka.
Sauti ya kike, ya mtu mzima, ikauliza, "Nani huko?"
"Maji," nikasema.
"Aa. Umekula?"

Nikaandika daftarini: mita haisomeki.
Uongo wangu wa kwanza kwa mwandiko mzuri.

Tingatinga lilifika Agosti.
Bibi akaanguka na kiazi chake, vumbi likakaa hadi jioni.
Tusekile aliokota kipande cha kidevu
akakifanya figa la tatu;
siku hizi ndizi zinaivia juu ya lile kovu.
Ukutani limebaki ganda.
Linaanzia hewani, mahali ambapo sasa panapita malori,
linazunguka kona,
linauliza.