Kiti cha Dirisha la Tatu

Saa mbili kamili asubuhi mimi ni mrefu.
Naketi dirisha la tatu, Idara ya Maji, Kutaisi,
mvua ikipiga mabati ya ghala huko chini,
na wateja wananitazama kama mtu mwenye mamlaka.

Kufikia saa nne kiti kimeshuka kidogo,
taratibu, bila aibu,
kama mgeni anayenyemelea mlango asiage.
Saa sita kidevu changu kiko juu ya kaunta
na Bwana Zviadi, aliyekuja kuuliza kwa nini
anadaiwa maji ya bafu alilolibomoa mwaka juzi,
ananiinamia kama anayechungulia kisima:
"Binti, uko humo?"
Niko, mzee. Niko humu. Nina miaka hamsini na miwili.

Niliandika barua.
Ya kwanza ilirudi kwa kukosa mhuri.
Ya pili ilikuwa na mhuri, ila wa mviringo,
nao walitaka wa pembe tatu.
Ya tatu ilimezwa na mashine ya kuchapia,
ile isemayo kila siku KARATASI IMEKWAMA
hata uifungue tumbo uipekue matumbo yote
usione karatasi, ila klipu moja na kokwa la plamu.
Ya nne Bwana Jumberi aliisoma mbele yangu,
akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli,
kisha akaiweka chini ya kikombe chake.
Nilikiona kiduara cha chai kikienea juu ya jina langu.
Huo nao, nikajiambia, ni mhuri.

Ya tano hadi ya saba sizisemi.
Subira huvuta heri, sawa;
lakini lifti yetu ni mbovu,
na heri, nadhani, haipendi ngazi.

Alhamisi akapita Murmani, fundi bomba,
viatu vimejaa tope la Rioni,
kuchukua ufunguo wa ghala.
Akanikuta nimezama hadi puani.
Hakusema pole. Alicheka mpaka akashika ukuta,
kisha akapiga magoti, akapima nguzo ya kiti kwa shubiri,
akashuka ngazi, akapanda ngazi,
mkononi kipande cha bomba, plastiki ya kijivu,
kimepasuliwa ubavuni kama ganda la kunde.
Akaivisha nguzo. Tak.
"Keti." Nikaketi.
"Inuka. Keti tena, kwa nguvu, kama umekasirika."
Hapo sikuhitaji kuigiza.

Saa nne: mrefu.
Saa sita: mrefu.
Nilikula mkate wangu wa jibini
makombo yakiwa na safari ndefu kufika sakafuni.
Lamara wa dirisha la nne akaacha kuhesabu sarafu,
akanitazama kutoka chini, yeye,
ambaye tulizoea kuzama pamoja.
Bwana Zviadi akarudi na risiti kwenye mfuko wa nailoni,
akainama kwa mazoea, akajikuta anainamia hewa.
Akasimama wima. Macho yakakutana na macho.
"Kumbe yako ni ya kijani," akasema.
Nikalifuta lile bafu kwenye kompyuta.
Miaka miwili; mibofyo minne.

Jumatatu akaja mkaguzi wa samani,
barua yangu ya saba mkononi,
ina mihuri yote, hata wa pembe tatu.
Akaketi kwenye kiti changu. Akarukaruka.
Akasubiri dakika kumi, jicho kwenye saa.
Akaandika: Kiti kinafanya kazi. Ombi limekataliwa.
Nikatia saini pale aliponionyesha,
kisha nikaenda chooni, nikafungulia maji yote
nicheke nisisikike.

Jioni, wenzangu wakivaa makoti,
mashine ilinikonyeza kwa kijitaa chake chekundu:
KARATASI IMEKWAMA.
Sikuijibu.
Nilikuwa magotini, chini ya meza ya Lamara,
napima nguzo ya kiti chake kwa shubiri.