Nusu ya Chini

Mjukuu wangu anauliza, bibi, wewe uko wapi?
Namwonyesha kwa kijiko: hapo, kando ya mgomba.
Hiyo miguu.

Filamu ile tuliipigia Bulacan, msimu wa mvua,
mwaka ambao umeme ulikatika kila jioni kama uzi mbovu.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
nimetoka Capiz na kikapu cha samaki wakavu,
na mwongozaji, Bwana Quiambao, hakuniuliza jina.
Alisema: inua sketi. Geuka. Simama.
Akaitazama miguu yangu kama mtu anayenunua meza.

Kisa chenyewe kwetu kinajulikana kabla ya kusimuliwa:
mwanamke mzuri mchana; usiku anajipaka mafuta
na anakatika kiuno,
si kile cha ngoma, anakatika kweli,
nusu ya juu inaota mbawa, inapaa kuwanusa wajawazito juu ya mapaa,
nusu ya chini inabaki imesimama migombani.
Perlita Monserrat alikuwa ile inayopaa.
Mimi nilikuwa ile inayongoja.

Walinifunika mahameli nyeusi kuanzia kiunoni hadi utosini,
nikainama mbele, kifua juu ya ubao,
na pale nilipokatika wakapanga matumbo ya mbuzi
yaliyonunuliwa sokoni alfajiri,
yakaanza kunuka kabla ya taa ya kwanza kuwashwa.
Mbu wakaja.
Uso ukiumwa hukunja ndita, na watu huuonea huruma.
Mguu huambiwa: usitingishike.

Siku ya malipo mhasibu alichekelea:
nusu mtu, nusu mshahara.
Nikacheka naye. Nilikuwa natafuta nauli ya meli.

Kisha ikaja siku ya chumvi.
Shujaa wetu, kijana wa Pampanga, mgeni wa ushujaa,
mikono ikimtetemeka,
alitakiwa kumwaga chumvi juu ya kidonda
ili aliyepaa asipate pa kurudi.
Ilikuwa chumvi ya kweli, ya mawe.
Ilipenya mahameli, ikateremka mapajani,
ikaingia kila mahali mbu walipotangulia.
Perlita alipiga ukelele wiki mbili baadaye,
studioni, chini ya feni,
mara tatu, na wa tatu ndio waliouchukua.
Wanasema ukelele ule ndio uliompa tuzo.
Naamini. Hata mimi ulinisisimua.

Filamu ilipofika mjini kwetu
mama alilipia kiti cha mbele.
Ukumbi mzima ulitazama juu, kwenye meno na mbawa.
Mama alitazama chini.
Akaliona kovu la goti, lile la panga la nazi,
akasimama katikati ya watu waliojificha nyuma ya viganja:
Huyo mwanangu! Huyo!
Kesho yake jirani akatundika vitunguu saumu dirishani.
Sisi wa Capiz tumezushiwa hayo tangu zamani;
mama yangu alikuwa wa kwanza kujitolea ushahidi.

Jina langu halikuandikwa mwishoni.
Waliandika dereva, waliandika mpika uji,
nusura na mbuzi.
Basi naliandika mimi:
Leonisa Magbanua, miguu.

Perlita alihamia Kalifonia. Alifariki mwezi wa pili.
Gazeti liliweka uso wake ukurasa mzima,
uso tu, bila hata mabega.
Niliukata kwa mkasi, nikaubandika ukutani
juu ya kiti ninachokalia jioni.
Sheria ya kiumbe yule ni moja: arudi kabla ya jua,
ashuke juu ya miguu yake, awe mtu.
Mimi sikuondoka pale.
Miaka arobaini na mmoja, majani ya migomba yakinidondokea.

Siku hizi miguu inavimba.
Mjukuu anazima runinga, analeta beseni,
maji ya vuguvugu, taulo begani kama kinyozi.
Anauliza, nitie chumvi, bibi, kama alivyosema daktari?

Leo usitie, namwambia.