Meli ya Nchi Kavu

Jembe la Mwanamkasi limegonga kitu
kisicho jiwe.
Nimeitwa mimi, mpima ardhi kutoka Tanga mjini,
niamue mpaka wake na wa Semhando,
nami nimepiga magoti katikati ya mihogo
nikafuta udongo kwa kiganja:
saruji, vipande vya kombe ndani yake,
na pete ya chuma iliyoliwa na kutu,
ya kufungia ndege isichukuliwe na upepo.

Ramani yangu haina habari.
Inasema: shamba, shamba, njia ya miguu.

Semhando alikuja kugombana.
Alipoiona pete akamkumbuka baba mkwe wake,
Ntakije, manamba kutoka Buha,
aliyeng'oa mkonge hapa, mizizi na yote,
ule ule aliokuwa ameupanda.
Siku thelathini, kipande kimoja.
Mawe, nyundo, shindilia.
Kisha wakaja Wazungu wa manowari, magoti wazi,
wakatundika kengele ya shaba kwenye nguzo
wakasema: hii ni meli.

Meli!
Bahari haikuonekana hata ukipanda tangi la maji.
Lakini sakafu waliisugua kama sitaha,
na baharia akitaka kwenda Ngamiani kunywa chai
aliomba kwanza ruhusa ya kushuka pwani.
Ntakije alicheka mpaka akakatwa posho ya siku.

Ndege zilitua, zikakunja mbawa kama panzi,
zikasukumwa kwa mikono hadi chini ya makuti.
Moja iliondoka alfajiri.
Uji wa rubani ulipoa mezani,
ukaota ngozi,
hakuna aliyethubutu kuumwaga mpaka jioni.

Vita vilimalizikia kwingine.
Wakashusha bendera, wakabeba kengele yao.
Mabati yaliondoka usiku, karatasi moja moja,
na sitasema yalienda wapi,
maana banda la kuku la Semhando liko pale, lina namba.
Mkonge ulirudi bila kuitwa.
Ntakije hakurudi Buha:
kipande chake cha mwisho kilibaki na siku mbili
ambazo hapakuwa na mtu wa kuzitia alama.

Naandika: mpaka uanzie kwenye pete ya chuma,
ufuate mfereji hadi barabara.
Semhando anakubali.
Mwanamkasi hataki. Pete, anasema,
imeonekana kwa jembe lake,
na ana mbuzi asiyesikia.
Ananitazama nikunje mkanda wangu wa kupimia,
kamba tayari iko mkononi.