Inchi Hamsini na Tano

Nilianza na futikamba ya mama.
Nikapima sanduku palepale dukani, Mangere, urefu, kimo, unene,
nikazidisha nambari nyuma ya risiti ya mkate.
Meli haiulizi uzito. Meli inauliza nafasi,
na kioo cha inchi hamsini na tano, kikishavikwa povu na kadibodi,
kinakula nafasi kama mgeni anayelala katikati ya kitanda.

Dola mia saba na tisini, runinga.
Mia mbili na kumi, safari.
Bima, kama naogopa. Niliogopa.
Ushuru, ada ya gati, na kijana mwenye pikapu
wa kuifikisha Mutalau, ambaye hatataka pesa
ila atataka kulishwa.

Baba akasema kwenye simu: Kwa Maihetoe ipo moja.
Moja?
Moja. Inchi thelathini na mbili. Iko dirishani tangu Pasaka.
Bei?
Akaitaja upesi, kama mtu anayevuka barabara.
Kwa bei hiyo, nikamwambia, huku napata mbili, na chenji.
Kimya. Kisha: Na betri za tochi,
Maihetoe akifunga duka, nitakuagiza wewe?

Sikumjibu. Mtoto aliye mbali ana jambo moja tu la kuthibitisha,
na mara nyingi jambo lenyewe haliingii mlangoni.

Niue haina bandari. Ina mwamba.
Meli inasimama nje, imefungwa kwenye boya,
tishali linakwenda na kurudi,
na kreni ya gatini inanyanyua kila kitu kutoka juu ya maji:
saruji, friji,
jeneza la mtu aliyeomba azikwe kwao.
Bahari ikichafuka hakinyanyuliwi kitu.
Ikachafuka. Siku mbili baba aliitazama runinga yake,
yaani aliitazama meli, nyeupe, ikitikisa kichwa.
Siku ya tatu ikafungua kamba
ikaenda zake Tonga, na runinga tumboni.

Wiki tano. Na raga imeshafika nusu fainali.
Baba akapelekwa Alofi na dada yangu Moka,
akarudi na ile ya dirishani,
upande mmoja wa fremu umepaushwa na jua.
Kwa mkopo. Maihetoe mwenyewe alikuja kufunga antena,
akala taro, akakaa mpaka kipenga cha mwisho.
Si ndogo? nikauliza.
Maji ya kifuu, akasema, bahari ya chungu.
Nawaona wote thelathini, na refa.

Yangu ilipofika, Moka aliirekodi.
Sanduku linaning'inia kwenye mnyororo, linazunguka polepole,
chini yake buluu isiyo na mwisho,
na jina langu ubavuni kwa kalamu nene, likija, likipotea, likija.
Nilikuwa kazini, nimesimama kati ya rafu mbili, nimebana pumzi.
Ikatua salama. Wakaiwasha.
Mstari mmoja wa kijani, juu mpaka chini,
kushoto kidogo ya katikati.

Bima inadai picha, fomu, na sanduku la awali.
Sanduku la awali lilishatobolewa madirisha mawili na mlango,
na wajukuu wanne wameshahamia.

Sebuleni kwa baba hakuna ukuta wa kuichukua.
Ikaenda ukumbi wa kanisa. Jumamosi kijiji kinajaa mbele yake,
na mchezaji akichomoka na mpira
wanamngojea kwenye ule mstari,
akiuvuka wanalipuka kwa shangwe,
ingawa pale si popote uwanjani.

Moka ananitumia picha. Natafuta kichwa cha baba kati ya vichwa.
Hayupo. Yuko nyumbani na Maihetoe,
wanabishana juu ya refa mdogo kama njugu,
na deni limebaki dola arobaini.
Nimeomba nililipe. Mara mbili nimeomba.