Herufi Kumi na Mbili

Februari ya themanini na moja.
Nje, nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
hata pumzi inasitasita kutoka mdomoni.
Baraza limeniagiza mimi, Orysia Hnatiuk,
karani wa mji wa watu elfu sita na ushei
katikati ya ngano ya Saskatchewan,
nichague kompyuta.
Mimi, ambaye nyumbani nagombana na kibaniko cha mkate.

Wa kwanza alitoka Regina, tai pana, viatu vya kiangazi.
Akaipapasa mashine kichwani kama mtu anayeuza ng'ombe.
"Kilobaiti sitini na nne," akasema, kisha akanyamaza
ili namba ituingie.
Meya Pidskalny, muuza vipuri vya matrekta,
akauliza swali pekee alilolijua:
"Ikifa, spea ziko wapi?"
"Toronto."
Meya akatazama dirishani, barabara ilikofukiwa na theluji,
akafunga kalamu yake.

Wa pili alikuwa rahisi. Rahisi mno.
Printa yake ikatetemesha meza, ikatema ankara ya majaribio:
MAJI. DOLA KUMI NA MOJA. LIPA KABLA YA TAREHE TANO.
"Herufi ndogo haina?"
"Za nini, mama? Ujumbe si umefika?"
Umefika, ndiyo. Hata kofi hufika.
Nikamwona mzee Woloschuk anaipokea asubuhi,
miwani imefungwa kwa waya,
na mji mzima unampigia kelele juu ya kikombe chake.
Mweka hazina akanikazia macho: ni nusu bei, Orysia.
Nikamwambia rahisi huvunja upishi,
naye akaandika kwenye daftari lake kitu ambacho sikuonyeshwa.

Wa tatu alichelewa saa nne.
Kijana, Garth Dueck, gari limemzimikia mara mbili njiani.
Diski zake, pana kama sahani, kazikumbatia ndani ya sweta
kama mtu aliyebeba vifaranga.
Akavuka zulia letu jipya, akanyoosha kidole kwenye kibodi,
cheche!
Skrini ikazima.
Tukacheka sote isipokuwa yeye.
"Itabidi mng'oe zulia," akasema.
Kati ya wote watatu, ndiye pekee aliyetaja kasoro.

Ilipowaka tena nikavuta droo,
nikamwekea kadi ya Stefania Boychuk, Mtaa wa Tatu,
na maneno yangu ya penseli pembeni:
*usimkatie maji, mume yuko hospitali mpaka Aprili.*
"Haya nayaweka wapi?"
Akatafuta. Akatafuta tena.
"Kuna sehemu ya maelezo. Herufi kumi na mbili."
Nikahesabu kwa vidole, mezani, kama mtoto wa darasa la kwanza.
*Usimkatie maji*: kumi na tatu,
na hapo bado sijaacha nafasi katikati.
"Siwezi kuongeza," akasema. "Samahani."
Kipasha joto kilikuwa kinagongagonga ukutani.
Nikavuta kiti, nikaandika kwa kidole kimoja:
*mpe muda.*
Nane, pamoja na nafasi. Tena kwa herufi ndogo.

Tulinunua hiyo.
Meya alikuwa hapana, hapana, hapana,
mpaka akafungua mfuniko wa nyuma kwa bisibisi yake mwenyewe
akakuta fyuzi anayoiuza dukani.
Zulia likaenda kwenye ukumbi wa kanisa.
Kadi zikateremshwa ghala la chini, masanduku kumi na moja.

Aprili, matope yakitiririka barabarani,
nikaliita jina la Stefania kwenye skrini
nikafuta, herufi moja baada ya nyingine.
Kwenye kadi, penseli haifutiki yote.
Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona mkono ulipopita,
ulipokandamiza, ulipobadili nia.
Hapa hapakubaki kitu.
Alama ya kijani ikapepesa, ikapepesa,
na mimi nimekaa naitazama,
nisijue ni nani kati yetu anayemngoja mwenzake.